Jina Lililoitwa Mferejini

"Nengah, yule mtoto anayekufuata ni wa nani?"

Swali hilo Mama Suweca aliliuliza asubuhi moja huku akigeuza ndizi kwenye karai, wala hakuinua macho. Kibanda chake kiko mlangoni pa bustani ya maji ya Toya Sekar, na Nengah hupita hapo kila siku kabla wageni hawajafika, ufagio wa chelewa begani na ndoo mkononi. Wanakaa ukuta kwa ukuta, wanaazimana chumvi, na kila mmoja anakijua kikohozi cha mwenzake.

"Mtoto gani?" Nengah akauliza.

"Si yule wa jana. Wewe unasugua mawe ya bwawani, yeye yuko nyuma yako, jiwe moja baada ya lako. Nguo nyekundu, imemlowa chapachapa. Na nywele za mbele zimekatwa kombo kama zimetafunwa na mbuzi. Nikasema moyoni, aliyemkata alikuwa anasinzia."

"Labda wa wageni."

"Wageni gani wanaovalisha mtoto vile siku hizi? Haya, chukua ndizi. Umekuwa mweupe kama unga wa mchele."

Nengah aliipokea ndizi akaenda nayo. Hakuila. Aliimega akawatupia samaki wakubwa wekundu, akabaki amesimama kwenye ukingo wa bwawa, vidole vinanuka mafuta. Zile nywele alizikata yeye mwenyewe, kwa mkasi wa mama yake wa kukatia makuti ya sadaka, miaka arobaini na sita iliyopita. Na mwenye nywele hizo saa ile yuko nyumbani, mwanamke wa miaka hamsini na moja, amekaa barazani amejifunika shuka, anakohoa.

Jina lake kamili ni Ni Nengah Sunadri. Hakuolewa. Walikuja wawili kumtaka enzi za ujana wake, mmoja fundi seremala wa mji wa Amlapura, mtu wa maana kabisa, na wote aliwajibu neno moja: nikiondoka mimi, Rasmi atabaki na nani? Komang Rasmi ni mdogo wake. Watu wa kijiji wakamsifu kwa moyo huo. Wakasema, tazameni dada, angekuwa mwingine angeshamtupia kaka yao mzigo. Kila alipoyasikia maneno hayo Nengah aliinamisha kichwa, nao wakazidi kumsifu kwa unyenyekevu.

Kazi yake ni usafi wa bustani. Jumanne na Ijumaa anasugua yale mawe ya kukanyagia yaliyopangwa ndani ya bwawa la chini, kwa brashi ya waya, maana utelezi wa kijani hauna adabu, leo umeutoa kesho umerudi. Wageni hupanga foleni kwa ajili ya mawe hayo. Wanapita mmoja mmoja katikati ya masanamu, samaki chini ya miguu yao, wanapigana picha, wanacheka. Juu ya bwawa hilo kuna bwawa la kuogea, na juu yake ngazi sabini na mbili za mawe zinazopanda mpaka kwenye hekalu la chemchemi, chini ya mtini mkubwa. Maji yote ya Toya Sekar yanatoka kule. Ukiolewa, ukizaa, ukifiwa, unachotewa maji kule.

Nengah hufagia ngazi zote sabini na mbili. Akifika mlango wa hekalu, hugeuka akashuka. Siku ya sikukuu, wenzake wakipanda na sadaka zao vichwani, yeye humpa jirani ya kwake ampelekee, naye hubaki chini akasali paji la uso likigusa mawe. Husingizia magoti.

"Magoti yako yana akili sana," Mama Suweca alimtania siku moja mbele ya wauza vinyago. "Ngazi za soko la Amlapura yanapanda na kilo kumi za mchele kichwani. Ngazi za Mungu tu ndizo yanazozikataa."

"Yamezeeka, dada."

"Basi yamezeeka upande mmoja."

Wakacheka, na Nengah akacheka nao. Siri ya mtungi aijuaye ni kata.

Kule juu hakuwa anaogopa kudhuriwa. Tangu alipoanza kazi ile, binti wa miaka ishirini na moja, alizoea kukuta asubuhi nyayo ndogo mbichi kwenye ngazi zilizokauka. Zilishuka kutoka juu, mguu kwa mguu, mpaka ngazi ya mwisho, hapo zikasimama zimeelekea nyumbani. Mara za kwanza alizifuta kwa ufagio. Baadaye akaacha, jua likawa linazikausha lenyewe. Pengine alisikia mtu anavuma wimbo ule wanaoimba watoto wakichuma maua, nusu ya kwanza tu, kisha kimya, kisha nusu ya kwanza tena. Kilichomtisha ni ule uvumilivu. Mtoto hakulia wala hakumrushia jiwe. Alisubiri tu, kama mtoto aliyeambiwa kaa hapa, nakuja sasa hivi.

Lakini kwa miaka yote hiyo ilikuwa ni yeye na macho yake. Sasa Mama Suweca ameona.

Mwaka ule alipomkata Rasmi nywele, baba mkubwa wao alikufa, na nyumba yao ikawa na matanga. Nyumba yenye matanga haipandi hekaluni. Hata mtoto anayenyonya analijua hilo, kwa maana mkosi wa maiti ukiingia mahali patakatifu unakaa mpaka paoshwe. Mvua zilikuwa zimechelewa, mabwawa ya chini yamebaki matope na samaki wamehamishiwa mitungini. Nengah alikuwa na miaka kumi na mmoja, Rasmi mitano. Mchana wa jua kali Rasmi alisumbua, naoga, naoga, nataka kuoga, mpaka dada yake akachoka. Kuhani alikuwa amekwenda kwake kula. Kule juu maji yalikuwepo, ya baridi, meusi kwa kivuli cha mtini. Nengah akamshika mkono wakapanda.

Hawakukaa hata muda wa kutafuna muwa. Rasmi alikanyaga ukingo wa chemchemi, akateleza, kichwa kikagonga jiwe, akazama. Nengah alimvuta kwa ile nguo nyekundu. Alikuwa hai. Alitapika maji, akafumbua macho, akamtazama dada yake kama anavyotazamwa mtu wa mbali.

Hapo ndipo mtoto wa miaka kumi na mmoja alipofanya hesabu zake za kitoto. Akisema walikuwa chemchemini, baba yake ataitwa mbele ya kijiji, hekalu litaoshwa kwa gharama yao, na wafiwa wataitwa wachafuzi wa maji. Akamweka mdogo wake mgongoni. Hakupita njia kuu, alizunguka nyuma kwenye mashamba ya mpunga, akamlaza kando ya mfereji wa kufulia nguo. Kisha akapiga yowe.

Huku kwao mtu akianguka kwa kishindo, hata akiinuka mzima, inajulikana kwamba kitu chake kimebaki pale alipoanguka. Si kufa. Ni sehemu ya roho yake imeshtuka, imejibanza mahali hapo, haijui njia. Lazima waende palepale wakamwite kwa jina, na mchele na yai na kingazi kidogo cha mianzi cha kupandia, aliyepotea apate kumrudia mwenyewe. Kwa hiyo siku ya tatu walikwenda. Matanga hayazuii mfereji, mfereji si hekalu. Kuhani mzee alisoma maneno yake, mama yao akapiga magoti matopeni, akawa anayavuta maji kwa kiganja kuyaleta kwa mtoto, anasema, "Rasmi, njoo twende nyumbani mwanangu. Uji wako unapoa. Rasmi, njoo."

Nengah alisimama nyuma yao. Alijua pale hapana mtu.

Rasmi akarudi nyumbani yuko vilevile, mlango wazi na mwenye nyumba hayumo. Anakula akiambiwa kula. Anatembea akishikwa mkono. Hakusema tena neno la maana, wala kucheka, wala kulia. Wakamwita mara ya pili. Wakamwita mara ya tatu, mama yao akauza nguruwe. Mferejini, mferejini, mferejini. Alipokua wakagundua kwamba mikono yake inajua kusuka visahani vya sadaka vya makuti, basi akawa anasuka mchana kutwa, vizuri kuliko mtu yeyote hapo kijijini, na mwanamke akija kuchukua hamtazami.

Mama yao alipokuwa anakata roho alimshika Nengah kifundo cha mkono. "Nengah, mwanangu. Ilikuwa palepale mferejini?"

"Palepale, Mama."

Ndiyo kauli ya mwisho aliyompa.

Baada ya swali la Mama Suweca kikohozi cha Rasmi kilizidi. Daktari wa zahanati alisikiliza kifua, akaandika dawa, kisha akamwita kando kaka yao mkubwa, Gede Lantra, akamwambia maneno ambayo Gede alirudi nayo nyumbani ameyabana midomoni. Aliyatoa barazani, huku akikwepa kumtazama mgonjwa.

"Hamalizi mwezi, anavyoona yeye. Nimeshaongea na watu wa mbao. Tutamchoma vizuri, Nengah. Hatutamzika asubiri zamu ya kuchomwa pamoja na wengine, kama maskini. Amesumbuka vya kutosha."

"Ndiyo, kaka."

"Majivu baharini, roho juu, akapumzike. Mbona unalia sasa? Hebu jikaze, anakuona."

"Haoni," Nengah akasema.

Gede hakumwelewa. Nengah alikuwa anawaza ule moto. Alijiona amesimama pale, mwili wa Rasmi unaungua, kuhani anaisindikiza roho kwa kengele, na watu wote wakiamini kwamba amekwenda. Kumbe atakayekwenda ni nusu. Mwingine atabaki chini ya mtini na nguo yake mbichi, miaka mitano daima, na siku dada yake akifa hatakuwepo hata mmoja duniani anayejua kwamba yupo. Atavuma nusu ya wimbo kwa nani?

Na upande wa pili kulikuwa na lile jambo jingine. Akisema, atakuwa amesema kwamba chemchemi iliingiwa na mkosi wa maiti na haikuoshwa. Miaka arobaini na sita watu wamechota. Mama Suweca alichotewa maji yale alipoolewa, wanawe wakanyunyiziwa, na mjukuu wake juzi tu alipotimiza miezi mitatu. Baba yao na mama yao walisindikizwa kwa maji hayohayo. Nengah hakujua kama ni neno la kusameheka. Alisali chini ya ngazi, kama kawaida yake, na hakujibiwa, kwa kuwa jibu alikuwa nalo siku nyingi.

Jumamosi, jua likiwa bado halijawa kali, alivaa kitambaa chake kizuri na mshipi wa kiunoni, akaenda kwa kuhani. Kuhani wa sasa, ambaye wote humwita Jero Mangku, ni mtoto wa yule mzee aliyemwita Rasmi mferejini. Ni mdogo kwa Nengah kwa miaka sita, mnene, mcheshi, na alikuwa anawalisha majogoo wake.

"Dada Nengah, karibu. Magoti leo yamekubali?"

"Nyumba yako haina ngazi, Jero."

"Ahaa. Basi nitaijenga ngazi, tujue ukweli." Akacheka, kisha akamwona uso. Akaweka chini kibakuli cha mahindi. "Ni Rasmi?"

"Nimeota ndoto," Nengah akaanza. Ndivyo alivyokuwa amepanga, aipitishe habari kwa mlango wa ndoto, asijitie mwenyewe ndani. "Nimeota yuko kule juu. Nikafikiri labda tungemwita na huko, kwa kujaribu tu."

"Ndoto ya siku gani?"

"Ya… juzi."

Kuhani akamvutia kigoda. "Baba yangu," akasema, "aliita watu wengi maishani mwake. Walioanguka minazini, waliogongwa na pikipiki, wote walirudi. Rasmi peke yake hakurudi. Jambo lile lilimkaa. Alikuwa akiniambia, nilikuwa naita, mwanangu, nasikia jina linaenda linarudi kama mpira ukutani. Alikufa anadhani yeye ndiye alikosea maneno."

Jogoo mmoja alidonoa mahindi kwenye kibakuli na hakuna aliyemfukuza.

"Hakukosea maneno," Nengah akasema. "Alikosea mahali. Na mimi ndiye niliyemkosesha."

Akaeleza yote. Hakujitetea kwa utoto, ingawa angeweza. Jero Mangku hakumkatiza ila mara moja, kumuuliza ni jiwe gani, na alipotajiwa lile lenye ufa upande wa mtini, alifumba macho. Kila siku hukanyaga hapo akichota.

"Matanga yalikuwa bado?" akauliza mwishoni.

"Siku ya tisa."

"Dada, ungeniletea hili mimi peke yangu ningelibeba. Lakini si langu, ni la kijiji. Maji si yangu."

"Najua, Jero."

"Watasema maneno."

"Najua."

Baraza lilikaa Jumatatu alasiri katika banda la mikutano, wanaume safu ya mbele, wanawake wamejaa pembeni. Jero Mangku alisimulia kwa kifupi, Nengah akaulizwa kama ndivyo, akajibu ndivyo. Sauti zikapanda zote pamoja. Gede Lantra alikuwa amekaa mikono magotini, hamtazami dada yake. Mzee mmoja akasema afukuzwe kazi bustanini leo hii. Mwingine akasema, mwenye kosa ni mtoto wa miaka kumi na mmoja, utampata wapi sasa umfukuze?

Ndipo Mama Suweca akasimama, naye si msemaji wa barazani.

"Nengah. Mjukuu wangu nimemnyunyizia maji yale. Nikakupitia mlangoni na mtoto mkononi, ukamshika shavu, ukasema Mungu amkuze. Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, dada."

"Na juzi nikakuuliza."

"Ukaniuliza."

Mama Suweca alibaki amesimama. Watu wakangoja atukane. "Yule mtoto alikuwa anatetemeka," akasema, akiwageukia wazee. "Nguo imemlowa, anatetemeka kwa baridi, na jua lilikuwa linawaka. Mimi nilimwona kwa macho yangu. Mengine mtajua wenyewe, lakini huyo mtoto atolewe majini." Akakaa, akajifuta uso kwa ncha ya mshipi.

Baada ya hapo maneno yalipungua. Mkuu wa baraza akatoa uamuzi: hekalu la chemchemi litafungwa siku tatu lioshwe, mchele na nguruwe vitatoka kwa nyumba ya kina Nengah, na kila aliyechota aombewe. Gede aliitika kwa kichwa. Rasmi ataitwa kule juu siku ya nne asubuhi, kama atafika hai. Jero Mangku ndiye atakayemwita, na kwa kuwa mama hayupo, mke wa Gede akae mahali pa mama, maana yeye ni mtu safi, hana neno na hekalu.

"Nengah utabaki chini kama ulivyozoea," mkuu wa baraza akasema, kwa upole, si kwa kumkomoa. "Una lolote la kuomba kabla hatujafunga?"

Nengah alisimama. Alikuwa ameshika mikono yake miwili kama mtoto wa shule, na banda zima lilimsikia, ingawa hakupaza sauti.

"Naomba nipande na mimi nioshwe, kisha mniache nimwite mimi. Nilipombeba palepale chemchemini alitaka kulia, nikamwambia nyamaza, usimwambie mtu yeyote. Bado amenyamaza. Naomba nimwambie mwenyewe kwamba sasa anaweza kusema."